Kolwezi: Banki ikikata pesa yako bila haki, unaweza kuidai

KOLWEZI – Kila mwisho wa mwezi, mbele ya mashine za kutolea pesa katikati ya mji, mstari unaanza kabla ya jua kutoka. Wamo wafanyakazi wa migodi waliotoka zamu ya usiku, bado na kofia za kazi mkononi. Wamo walimu, wamo wauguzi, wamo wajane wanaongoja pansheni. Mtu anaingiza karte, anaangalia karatasi ndogo inayotoka, kisha anageuka na kuuliza walio nyuma yake: mshahara umeingia, mbona haujatimia?

Jibu mara nyingi liko ndani ya releve, ile taarifa ya konti ambayo wengi wetu hatuiombi kamwe. Humo kuna gharama ya kutunza konti, gharama ya karte, gharama ya ujumbe wa simu, na ile inayouma kuliko zote: faini ya dekuveri, yaani pesa ambayo banki inajikatia kwa sababu konti yako ilishuka chini ya sifuri.

Si kila makato ni wizi. Banki inafanya biashara, na kazi yake ina bei. Lakini kuna makato ambayo mteja hakuyakubali popote, kuna yanayokatwa mara mbili, na kuna yanayotokana na kosa la banki yenyewe. Hayo yanaweza kurudishwa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini pesa si maji. Inaacha alama kwenye karatasi, na anayeshika karatasi anaweza kuifuata.

Dola 2 zilizozaa dola 48

Mwandishi wa makala hii alijifunza jambo hili kwa mfuko wake mwenyewe. Mwaka jana, mshahara wangu wa mwezi wa tatu ulichelewa. Kwenye konti yangu ya dola zilikuwa zimebaki dola 3. Tarehe 31 banki ikakata dola 5 za kutunza konti, kama ilivyo kawaida yake. Konti ikashuka hadi dola 2 chini ya sifuri. Siku ileile ikaongezwa faini ya dekuveri ya dola 12. Sasa nilikuwa na deni la dola 14, nami sikuwa nimechukua hata franka moja.

Mwezi wa nne mshahara haukuingia pia. Banki ikakata tena dola 5, na tena faini ya dola 12. Deni likafika dola 31. Tarehe 8 ya mwezi wa tano mishahara yote miwili ikaingia kwa pamoja, na banki ikajilipa kwanza. Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini mwisho wa mwezi wa tano, konti ikiwa na pesa, faini ya dola 12 ikakatwa tena. Mwezi wa sita vilevile.

Niligundua hayo nilipoenda kutoa minerval ya mtoto na kukuta imepungua. Faini nne za dola 12 ni dola 48. Zote zilizaliwa na upungufu wa dola 2.

Pale gishe, kijana mmoja mwenye heshima aliangalia kompyuta yake, akaniambia kwa upole:

– Mama, ni sistemu ndiyo imekata.

Ni jibu ambalo watu wengi wa Kolwezi wamelisikia. Shida yake ni kwamba sistemu haina sahihi kwenye mkataba. Aliyetia sahihi ni banki, na mimi. Nikamuomba anipe releve ya miezi sita na karatasi ya bei za banki. Kazi ikaanzia hapo.

Kwa nini Lualaba inaumia zaidi

Jimbo la Lualaba lilizaliwa mwaka 2015, Katanga ya zamani ilipogawanywa. Maisha ya jimbo yanashikiliwa na shaba na kobalti: Kamoto Copper Company, Mutanda, Sicomines, Commus, Metalkol, Kamoa-Kakula upande wa magharibi ya mji, na Tenke Fungurume kwenye njia ya kwenda Likasi. Mfanyakazi wa mgodi halipwi tena kwa bahasha. Analipwa kupitia banki, mara nyingi kwa dola.

Watumishi wa serikali nao waliingia njia hiyo tangu mwaka 2011, serikali ilipoanza kulipa mishahara kupitia mabanki. Mpango ulikuwa na sababu nzuri. Kabla yake, pesa ya mwalimu ilipita mikono mingi, na kila mkono ulibaki na kidogo. Orodha zilijaa majina ya watu ambao hawakuwepo. Banki ilipunguza tatizo hilo, lakini ilileta lingine: mwalimu wa kijijini upande wa Kapanga, Sandoa au Dilolo, mbali na ajensi, analipa kwanza safari ya kwenda kuchukua mshahara wake, kisha analipa gharama za konti ambayo hakuiomba yeye.

Na hapo ndipo kuna tofauti kubwa. Mfanyabiashara anafungua konti kwa kupenda; bei ikimchosha, anahamia banki nyingine. Mwalimu au fundi wa mgodi anakuta mwajiri ameshachagua banki. Hana nafasi ya kujadili bei, na siku ya kutia sahihi anawekewa karatasi za Kifaransa zenye herufi ndogo, nyuma yake kukiwa na watu hamsini wanaongoja zamu.

Jambo la pili ni sutretansi. Watu wengi wanaofanya kazi ndani ya migodi hawajaajiriwa na mgodi wenyewe, bali na makampuni madogo yanayopewa kazi ya ulinzi, usafiri, chakula au ufundi. Kampuni kubwa ikichelewa kulipa fakturi, kampuni ndogo inachelewesha mishahara. Wakati huo gharama ya konti haichelewi. Inakuja tarehe yake. Konti inashuka chini ya sifuri, faini inaingia, na mfanyakazi analipa kwa uchelewaji ambao si yeye aliyeuleta.

Jambo la tatu ni Bank Lambert, jina ambalo Wacongo wamewapa wakopeshaji wa mitaani. Riba yao inaweza kufika asilimia 30, hata 50, kwa mwezi mmoja. Mfanyakazi ambaye mshahara wake umeliwa na makato anaenda kwa Bank Lambert kumaliza mwezi, na mwezi unaofuata anaanza akiwa na madeni mawili. Mtu akisema dola 12 ni kitu kidogo, basi hajawahi kufika tarehe 15 akiwa na nyumba ya kulisha na mfuko mtupu.

Dekuveri ni nini hasa

Dekuveri ya kweli ni mkopo. Mteja anaomba, banki inakubali, wanaandika kiasi, muda na riba. Mfanyabiashara wa Musompo anayengoja kulipwa madini yake anaweza kuihitaji, na hakuna ubaya ndani yake. Vilevile avansi juu ya mshahara, ambayo mabanki mengi yanaitoa: unachukua leo, inakatwa mwisho wa mwezi, na bei yake unaijua kabla ya kutia sahihi.

Shida inaanza pale konti inaposhuka chini ya sifuri bila mteja kuomba kitu. Mara nyingi ni gharama za banki zenyewe zinazoishusha. Banki inakata gharama yake kwenye konti isiyo na pesa, inaita upungufu huo mkopo, kisha inatoza bei ya mkopo huo. Mteja anageuka mdaiwa akiwa amelala nyumbani kwake.

Mbele ya releve, basi, jiulize maswali matatu. Je, makato haya yako kwenye karatasi ya bei niliyopewa? Je, niliomba huduma hii na kutia sahihi? Je, kosa lililosababisha makato ni langu? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, itakuwa vigumu kudai. Likiwa hapana hata mara moja, una sababu ya kuandika barua.

Kuna pia makosa ya wazi ambayo hayahitaji mabishano marefu: mashine iliyohesabu pesa kwenye konti bila kuitoa, gharama moja iliyokatwa mara mbili, karte iliyofungwa ambayo inaendelea kulipiwa, au faini ya dekuveri kwenye konti yenye pesa, kama ilivyonitokea mimi mwezi wa tano na wa sita.

Sheria inasema nini

Wengi wanadhani sheria ya banki ni jambo la Kinshasa, la watu wakubwa. Lakini sheria inayomlinda mteja wa Kolwezi ni ya zamani kuliko mji wenyewe. Ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo hadi leo ndiyo msingi wa sheria ya mikataba nchini Congo. Kifungu chake cha 33 kinasema kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale waliokubaliana, na kwamba yanapaswa kutekelezwa kwa nia njema.

Kifungu hicho kina makali pande mbili. Ukitia sahihi bei fulani, inakubana. Lakini nayo banki inabanwa: haiwezi kutoza kitu ambacho hakiko ndani ya makubaliano. Dekreti hiyohiyo inasema kwamba anayepokea kisicho haki yake, kwa kukosea au kwa kujua, analazimika kukirudisha. Huo ndio msingi wa madai yote ya aina hii. Huhitaji kuthibitisha kwamba banki ilikuwa na nia mbaya. Inatosha kuonyesha kwamba pesa hiyo haikuwa haki yake.

Juu ya hapo, mabanki yote yako chini ya ulinzi wa Banki Kuu ya Congo. Sheria namba 22/069 ya tarehe 27 Desemba 2022, juu ya kazi na usimamizi wa mashirika ya mikopo, ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 2002. Banki Kuu ndiyo inayotoa ruhusa ya kufanya kazi ya banki, na ndiyo yenye nguvu ya kuadhibu. Banki inayoona nakala ya barua yako imeelekezwa huko inajua kwamba jambo limetoka nje ya ajensi.

Na usilale. Tangu mwaka 2012 Congo ni mwanachama wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Sheria hiyo inaweka muda wa miaka 5 kwa madai yanayotokana na biashara kati ya mfanyabiashara na mteja wake. Zaidi ya hapo, mikataba ya banki mara nyingi inaweka muda wake mfupi wa kupinga releve. Soma mkataba wako. Anayeangalia konti kila mwezi ana nguvu kuliko anayekumbuka baada ya miaka mitatu.

Hatua kwa hatua

Kwanza, omba releve ya miezi 6 au 12. Huenda utailipia, lakini bila hiyo huna kitu mkononi. Omba pia karatasi ya bei za banki na nakala ya mkataba uliotia sahihi siku ya kufungua konti. Ni haki yako kujua ulikubali nini.

Pili, kaa chini na kalamu nyekundu. Weka alama kwenye kila mstari ambao si wewe uliyetoa au kutuma pesa. Andika pembeni: tarehe, jina la makato, kiasi, na salio lilikuwa ngapi kabla yake. Jumlisha. Watu wengi wanashangaa hapa, kwa sababu makato madogo yanayokuja moja moja hayaonekani mpaka yamewekwa pamoja.

Tatu, andika barua kwa shefu wa ajensi. Banki inafanya kazi kwa Kifaransa. Kama Kifaransa kinakusumbua, tafuta mwalimu wa mtaa au kijana aliyemaliza chuo akusaidie. Barua isizidi ukurasa mmoja. Taja namba ya konti, taja kila makato unayopinga na sababu yake, taja jumla, na omba pesa irudishwe ndani ya siku kadhaa, tuseme 15. Usitukane na usililie huruma. Hesabu zenyewe ziseme.

Nne, peleka nakala mbili. Moja inabaki banki, nyingine inagongwa muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, kisha unarudi nayo. Bila muhuri huo, kesho watakuambia hawajawahi kuona barua. Maneno ya gishe hayana uzito. Muhuri unao.

Tano, siku zikipita bila jibu, andika tena, safari hii kwa makao makuu ya banki, na nakala kwa Banki Kuu ya Congo, boulevard Colonel Tshatshi, Gombe, Kinshasa. Ambatanisha barua ya kwanza yenye muhuri.

Sita, usiende peke yako kama mko wengi. Kama makato yaleyale yamewapata wafanyakazi kumi wa kampuni moja, mweleze mjumbe wa sendika. Mwajiri ndiye anayeiletea banki mamia ya wateja kwa siku moja, na sauti yake inasikika kuliko ya mtu mmoja. Na kama chanzo ni mshahara uliochelewa, mwajiri naye ana la kujibu. Mwambie akupe barua inayoonyesha tarehe aliyotuma pesa. Mimi barua hiyo ilinisaidia kuliko kitu chochote.

Mwisho kabisa ni mahakama. Kolwezi ina mahakama ya biashara, na mteja wa kawaida anaweza kuishitaki banki mbele yake kwa kuwa anayeshitakiwa ni mfanyabiashara. Lakini pima. Kwa dola 48, gharama za mahakama na za avoka zitakula zaidi ya unachodai. Kwa mamia au maelfu ya dola, au kwa wafanyakazi wengi walioungana, hesabu inabadilika.

Wengine walifanyaje

Congo si nchi ya kwanza kukutana na jambo hili. Nchini Kenya, kifungu cha 44 cha sheria ya mabanki kinakataza banki kupandisha gharama zake bila ruhusa ya waziri. Kwa miaka mingi mabanki yalibisha kwamba riba ya mkopo haihusiki. Kampuni moja, Santowels, ikapeleka mahakamani madai yake dhidi ya Stanbic Bank Kenya, na tarehe 28 Juni 2024 Mahakama ya Juu mjini Nairobi ikaamua kwamba riba nayo imo ndani ya kifungu hicho.

Sheria ya Kenya haifiki Kolwezi. Lakini mabanki ya Kenya yamefika. Equity ya Nairobi iliunganisha banki yake ya Congo na BCDC mwaka 2020, na KCB ilinunua sehemu kubwa ya TMB, banki iliyozaliwa Lubumbashi, mwishoni mwa mwaka 2022. Pesa inavuka mipaka. Si vibaya wateja nao wakijua mambo ya upande wa pili.

Uingereza inafundisha somo lingine. Kuanzia mwaka 2006 wateja wengi mno walianza kudai faini za dekuveri kwa barua zilizofanana, na mabanki mengi yakawa yanarudisha pesa badala ya kwenda mahakamani. Kesi kubwa ilipofika Mahakama ya Juu, tarehe 25 Novemba 2009, mabanki yakashinda. Madai yakakwama. Lakini kelele hazikupotea bure: mwezi wa nne mwaka 2020 kanuni mpya zikakataza faini za kiasi kimoja juu ya dekuveri, na mabanki yakaamriwa kutoza riba tu, yenye kiwango kinachoonekana wazi. Walichokosa mahakamani kikaja kupitia msimamizi wa mabanki.

Somo kwetu ni kwamba barua ya mtu mmoja inarudisha dola 12, lakini barua elfu moja zinaweza kubadilisha kanuni. Banki Kuu haiwezi kuona kinachotendeka kwenye gishe ya Kolwezi au ya Fungurume kama hakuna anayeiandikia.

Dola 12 zilizobaki

Barua yangu ya kwanza ilijibiwa baada ya siku 9. Banki ilikubali kwamba faini za mwezi wa tano na wa sita zilikuwa kosa, ikarudisha dola 24. Kuhusu zile za mwezi wa tatu na wa nne ilikataa. Nikaandika tena, nikaambatanisha barua ya mwajiri na karatasi yao wenyewe ya bei, ambayo inasema kwamba faini ya dekuveri inawahusu wateja walioomba dekuveri. Mimi sikuwa nimeomba. Wakarudisha dola 12 nyingine, za mwezi wa tatu. Za mwezi wa nne wakasema ni halali, kwa sababu konti ilikaa chini ya sifuri mwezi mzima.

Kwa hiyo nimerudishiwa dola 36 kati ya 48. Barua ya tatu imekwenda makao makuu, na nakala kwa Banki Kuu. Muhuri wa kupokelewa ninao.

Mara ya mwisho nilipopita pale ajensi, yule kijana wa gishe alinitambua. Aliangalia kulia na kushoto, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama naweza kumwonyesha namna nilivyoandika ile barua. Mama yake ni mwalimu Mutshatsha, na mshahara wake haujatimia tangu mwezi wa pili.